Ampea 80 Zinatosha: Namna ya Kuchagua Mashine ya Kuchomelea ya Nyumbani

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo, Dar es Salaam, na katika maduka ya aina hiyo Nairobi, Mombasa au Mwanza, mashine ndogo za kuchomelea hupangwa kwa namba. Moja imeandikwa 200 ubavuni, ya pili 250, ya tatu 300 na zaidi, na mara nyingi zote zinakaribiana kwa ukubwa, uzito na hata bei. Mnunuzi mwenye pesa ya mashine moja tu huona ni busara kuchukua yenye namba kubwa, maana anaongeza kidogo na nguvu anayopata inaonekana nyingi. Mwongozo huu unatetea njia nyingine. Kwa ukarabati wa nyumbani, namba ya ubavuni ndiyo ya mwisho kutazamwa, na mara nyingi haina ukweli. Yanayoamua ni mambo mawili unayoweza kuyapima kabla hujatoka nyumbani: unene wa vyuma utakavyovitengeneza, na soketi utakayochomekea mashine. Ukiyajua hayo sawasawa utaona kwamba kazi zako karibu zote zinafanyika kwa ampea 80 au pungufu, na bajeti yako, hata ikiwa finyu, itafika.

Anza na vyuma. Zunguka nyumba yako uangalie vilivyovunjika na vinavyoelekea kuvunjika: bawaba ya geti iliyoachia, grili ya dirisha iliyoliwa na kutu kwenye kona, mguu wa kiti, fremu ya kitanda, toroli, stendi ya tangi la maji, mlango wa banda la kuku. Vingi vimetengenezwa kwa mabomba ya mraba ya geji 18 au geji 16, yaani chuma chenye unene wa takriban milimita 1.2 na 1.6. Vilivyobaki ni chuma bapa na chuma cha pembe cha milimita 3 hadi 5, pamoja na nondo za milimita 10 au 12. Sasa tazama vijiti vya kuchomelea. Kijiti cha milimita 2 hufanya kazi kati ya ampea 40 na 65 hivi. Cha milimita 2.5, ambacho dukani hukiita geji 12, kinataka kati ya 60 na 95, na cha milimita 3.2, geji 10, kati ya 90 na 140. Mabomba membamba yanataka kijiti cha 2 au 2.5 kwenye ampea za chini, kwa sababu moto ukizidi bomba linatoboka kabla halijaunga. Chuma cha milimita 3 hadi 5 kinaungwa vizuri kwa kijiti cha 2.5 kwenye ampea 80 au karibu na hapo, na penye unene zaidi unapitisha mstari wa pili juu ya wa kwanza baada ya kusafisha ganda. Geji 10 ni kijiti cha fundi anayejenga mageti makubwa na mapaa ya maghala siku zote. Nyumbani utakihitaji mara chache mno.

Kisha soketi. Plagi ya miguu mitatu bapa tunayotumia Tanzania, Kenya na Uganda ina fyuzi ya ampea 13. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni sawa na wati 2,990, basi. Upande wa pili wa mashine, kanuni ya kimataifa ya mashine za kuchomelea, IEC 60974-1, huhesabu volti za tao la umeme, yaani ule moto unaoruka kati ya kijiti na chuma, kuwa 20 ukijumlisha ampea mara 0.04. Kwa ampea 80 unapata volti 23.2 na nguvu ya wati 1,856. Kwa ampea 200 ni volti 28 na wati 5,600, na kwa ampea 300 ni volti 32 na wati 9,600. Linganisha na zile wati 2,990 za plagi. Hata kama ingekuwepo mashine isiyopoteza hata wati moja, plagi hiyo isingeweza kukupa zaidi ya ampea 120 hivi kwenye ncha ya kijiti. Mashine ya namna hiyo haipo. Inveta ya kawaida, yaani mashine ndogo yenye bodi ya kielektroniki, hupoteza karibu moja ya tano ya umeme kama joto, na zile za bei nafuu huvuta umeme kwa mikupuo, kiasi kwamba ampea zinazopita kwenye nyaya za nyumba huwa nyingi kuliko zile ambazo kazi yenyewe ingedai. Ukijumlisha yote, kuchomelea kwa ampea 80 kunavuta kama ampea 15 kutoka ukutani. Plagi ya 13 huvumilia kwa sababu mtu wa nyumbani huchoma dakika moja, kisha anasimama kugonga ganda, kupima na kupanga chuma upya. Kwa ampea 120 utavuta kama 24, na hapo fyuzi itakatika, au litokee baya zaidi, soketi iungue ukutani huku unaitazama kazi.

Hesabu hiyohiyo ndiyo itakayokulinda dukani, na haihitaji chombo chochote zaidi ya kalamu. Kila mashine iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni hubeba kibao cha vipimo, mara nyingi nyuma au chini yake. Yaache maandishi makubwa ya rangi, soma kibao. I2 ni ampea za kuchomelea, U2 ni volti zake, U0 ni volti zilizopo kabla kijiti hakijagusa chuma, na X ni asilimia ya muda ambao mashine inaweza kuchoma. I1max ni ampea za juu kabisa itakazovuta ukutani. I1eff ni kiasi hicho kikishapunguzwa kwa kuhesabu mapumziko, na ndiyo namba ambayo fundi umeme wako ataihitaji kuchagua waya na breka. Zidisha I1max kwa 230, kisha zidisha I2 kwa U2. Jibu la pili haliwezi kamwe kulizidi la kwanza. Mashine iliyoandikwa 300 ubavuni, huku kibao kikisema inavuta ampea 20, haiwezi kupokea zaidi ya wati 4,600, lakini inadai kutoa 9,600. Umeme hauzaliani ndani ya sanduku. Ukikuta kibao hakina I1max au X, au hakipo kabisa, umenyimwa taarifa pekee ambayo ingekusaidia kuamua. Mashine hiyo iache rafuni, hata kama bei yake inavutia.

X inastahili maelezo zaidi, maana hapo ndipo mashine nzuri na dhaifu zinapoachana. Kipimo hufanywa kwa vipindi vya dakika 10. X ya asilimia 20 kwenye ampea 160 maana yake ni dakika 2 za moto na 8 za kupoa. Inaonekana ni kidogo, lakini joto ndani ya mashine hupungua haraka unaposhusha ampea, takriban kwa mraba wake. Mashine hiyo ukiishusha hadi 80 inaweza kuchoma kama dakika 8 kati ya 10, muda ambao mikono yako yenyewe haitaufikia. Ndogo yenye ampea 100 kwa asilimia 20 haitazidi dakika 3 kwenye 80. Ndiyo maana nasema kazi inataka ampea 80, lakini mashine ya kununua ni yenye 140 hadi 160 za kweli. Angalia pia kanuni iliyotajwa kwenye kibao. Ikiwa ni IEC 60974-1, kipimo kilifanywa kwenye joto la nyuzi 40. Ikiwa ni IEC 60974-6, ile ya mashine za matumizi madogo, kilifanywa kwenye nyuzi 20, baridi ambayo mchana wa Dar es Salaam au Mombasa hauijui. Mashine mbili zenye X moja kwa kanuni hizo mbili si sawa.

Wapo watakaopinga wakisema ni afadhali kununua kubwa mara moja, ije kufaa siku ya kazi kubwa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ukubwa ungekuja bure. Mashine inayotoa ampea 250 kweli inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha breka, waya mnene na breka yake, na gharama hiyo huweza kukaribia bei ya mashine ndogo. Zaidi ya hapo, nyumbani unaishi kwenye ampea za chini, kati ya 40 na 90, na huko ndiko mashine nyingi kubwa za bei rahisi zinapokosa utulivu. Kitufe kimoja kinachozunguka kutoka 20 hadi 300 husogeza ampea nyingi kwa mguso mdogo. Na pale ambapo namba ya ubavuni ni ya uongo, mara nyingi kioo chake nacho kinadanganya: kinasoma 80 ilhali kijiti kinapata nusu yake, hivyo maelekezo yaliyoandikwa kwenye pakiti ya vijiti hayakusaidii tena. Anayejifunza hulaumu mkono wake kwa kosa lililo kwenye namba.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo linahusu mashine za transfoma, zikiwemo zile zinazosukwa na mafundi wetu wa Gerezani, Kamukunji na Katwe. Watetezi wake wanasema hazina bodi ya kielektroniki ya kuungua, zinavumilia vumbi na umeme unaopandashuka, na zikiharibika fundi wa mtaani anasuka upya waya. Hayo ni kweli, na katika karakana inayofanya kazi kutwa nzima chini ya mwembe, transfoma nzuri ya shaba bado ni chaguo la heshima. Nyumbani picha inabadilika. Transfoma ni nzito, huvuta umeme mwingi kuliko inveta kwa ampea zilezile za kijiti, na mara nyingi ampea hubadilishwa kwa hatua chache za mbali mbali, jambo linalolitesa bomba la geji 18. Nyingi hutoa umeme wa kubadilika, ambao huwasha na kushikilia moto kwa shida zaidi kuliko umeme wa moja kwa moja wa inveta, hasa mkono ukiwa bado mgeni. Za kusukwa mtaani huwa na tatizo jingine ambalo halina mjadala: nyingi zina ncha za umeme zilizo wazi na hazina waya wa ardhini. Kwenye karakana ya watu wazima wanaojua hatari hiyo ni jambo moja. Kwenye ua wenye watoto usiiweke.

Wengine watakuelekeza kwenye mashine za MIG zinazotumia waya wenye dawa ndani, zisizohitaji mtungi wa gesi. Ni rahisi kujifunza, na kwenye chuma chembamba zinampa anayeanza matokeo mazuri mapema kuliko kijiti. Kikwazo ni gharama inayoendelea. Kipande cha waya kilichobaki kwenye roli hushika unyevu na kutu katika hewa ya pwani, ncha za shaba na roli za kusukumia huchakaa, na waya wenyewe haupatikani katika kila duka la vifaa, ilhali vijiti vya kawaida utavikuta hata katika mji mdogo wa wilaya. Mtu anayetengeneza mabodi ya magari au fanicha za bomba jembamba kila wiki ana sababu ya kuichagua. Mwenye kazi chache kwa mwezi abaki na vijiti. Kuhusu mitumba kutoka Ulaya na Dubai nitasema moja tu: soma volti kwanza. Nyingi zilitengenezwa kwa viwanda vyenye umeme wa volti 380 au 400, na nyumba yenye fezi moja haiwezi kuziendesha.

Mashine ikishachaguliwa, kinachoiua au kuitunza ni njia ya umeme inayoifikia. Waya wa kurefushia wa milimita za mraba 0.75, ule mwembamba wa televisheni na feni, ukiwa na urefu wa mita 20 utapoteza karibu volti 15 wakati mashine inavuta ampea 15, na zaidi ya wati 200 zitageuka joto ndani ya waya wenyewe. Ukiuacha umeviringishwa, utayeyuka. Waya wa milimita 2.5 kwa urefu huohuo hupoteza chini ya volti 5. Huo ndio wa kununua, nao ukunjuliwe wote kabla ya kuwasha. Kama bajeti inaruhusu, mwite fundi umeme mwenye leseni akuwekee soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 32 karibu na kisanduku cha breka, yenye waya wa ardhini uliopimwa na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Katika mitaa ambayo umeme hushuka jioni hadi chini ya volti 200, chomelea asubuhi. Jenereta ndogo ya kVA 2.5 itahangaika hata kwenye ampea 60, kwa hiyo hesabu kVA 5 kama unataka kufanya kazi ya ampea 80 bila kuibana. Wasiwasi wa LUKU au tokeni, kwa upande mwingine, hauna msingi. Kijiti cha 2.5 huisha kwa takriban dakika moja, na vijiti 10 havimalizi nusu ya yuniti. Vijiti na diski za grainda ndivyo vitakavyokula pesa yako.

Hapo tunafika kwenye kanuni ya bajeti ambayo ningependa uishike kuliko nyingine zote: mashine isile zaidi ya nusu ya pesa uliyotenga. Ukiwa na shilingi za kununua mashine tu, bado huna pesa ya kuchomelea. Nusu ya pili ni ya barakoa ya kuchomelea, glavu za ngozi, viatu vilivyofunika mguu, grainda yenye kinga yake, miwani ya wazi ya kukatia, brashi ya waya, nyundo ya ganda, klempu mbili tatu za kushikia kazi na pakiti ya vijiti. Barakoa yenye kioo cha kawaida cha namba 10 au 11 inatosha kwa ampea zako na bei yake ni ndogo. Ile inayojitia giza yenyewe inarahisisha kulenga, nayo iwe imeandikwa kanuni yake, EN 379 au ANSI Z87.1. Utaambiwa kwamba mafundi wengi wanachomelea kwa miwani ya jua na macho yao yapo. Mwanga wa tao hutoa miale ya urujuanimno inayounguza ngozi ya jicho, maumivu yake huja saa kadhaa baadaye, usiku, kama mchanga uliosagwa chini ya kope, na miwani ya jua haikutengenezwa kwa mwanga wa kiasi hicho. Uso na shingo navyo vinabaki wazi. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitika kwa binadamu, pamoja na miale hiyo ya urujuanimno. Anayechomelea mara chache hapati kipimo cha fundi wa kila siku, lakini hakuna sababu ya kuchomelea ndani ya chumba au kuinamia moshi. Fanya kazi nje au mlangoni, upepo ukipita ubavuni mwako.

Chuma kilichopakwa zinki, kama mabomba ya maji na baadhi ya mabomba ya uzio, kinahitaji tahadhari ya peke yake. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, wakati chuma huyeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo kabla chuma hakijaanza kuunga zinki imeshageuka moshi mweupe. Ukiuvuta, saa kadhaa baadaye utapata homa, baridi na maumivu ya viungo, ambayo kwa kawaida hupita ndani ya siku moja au mbili. Katika nchi zetu dalili hizo hufanana mno na malaria, na mtu anaweza kumeza dawa isiyo yake. Ukienda kupima, mweleze daktari ulichokuwa ukikichoma. Maziwa, ambayo karakana nyingi huyaamini kama kinga, huingia tumboni na hayagusi mapafu. Kinga ni kuiondoa zinki kwa grainda, sentimita kadhaa kila upande wa kiungo, ukiwa umevaa barakoa ya vumbi, kabla ya kuwasha mashine.

Kwa vijiti, nunua E6013 na usitazame pembeni. Namba 60 mwanzoni ni nguvu ya kuvutwa, paundi 60,000 kwa inchi ya mraba, inayozidi mahitaji ya geti na kitanda chochote. Mtu atakushauri E7018 kwa kuwa ni imara zaidi, na kweli ni imara, lakini kijiti hicho kikishapata unyevu kinatakiwa kukaushwa kwenye tanuri la nyuzi 300 na zaidi, na bila hilo ule ubora unaoulipia hupotea. E6013 ni mvumilivu. Hifadhi pakiti iliyofunguliwa kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, hasa ukiishi Tanga, Zanzibar au Lamu. Na inveta yenyewe ihifadhi mbali na grainda. Feni yake huvuta hewa, na vumbi la chuma likiingia kwenye bodi hupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Inveta nyingi za nyumbani huuawa na vumbi hilo wakati lawama inaelekezwa kwa umeme wa kukatika.

Usilipe kabla mashine haijawashwa. Nenda na kijiti cha 2.5 na kipande cha chuma cha milimita 3, omba kuchoma vijiti vitatu mfululizo kwenye ampea 80, au umwombe fundi unayemwamini aende nawe. Moto unatakiwa kuwaka kwa mguso mmoja au miwili na kuungua kwa sauti moja isiyokatika. Kisha shusha hadi 45, weka kijiti cha 2, ujaribu kwenye bomba jembamba: mashine ikizimazima hapo, haikufai, hata kama kwenye 80 ilinguruma vizuri. Shika nyaya zake. Zikiwa fupi kiasi kwamba mashine lazima ikae miguuni mwako ndani ya cheche, ongeza bei ya nyaya ndefu kwenye hesabu. Uliza bodi ikiungua nani anaitengeneza na wapi, na uandikiwe dhamana kwenye risiti. Duka linalokataa majaribio limekujibu.

Limebaki swali ambalo wauzaji hawaliulizi: kwa nini usimwite fundi? Kwa nyumba nyingi hilo ndilo jibu sahihi. Kama kwa mwaka una bawaba moja na mguu wa kiti, fundi wa mtaani atavimaliza kwa saa moja, kwa mkono uliozoea, na pesa yako itabaki. Chukua malipo ya fundi kwa kazi ndogo pamoja na nauli ya kubeba kitu au kumleta yeye, gawanya bajeti yako nzima kwa kiasi hicho, uone ni kazi ngapi zingerudisha gharama. Mwenye nyumba za kupangisha, mfugaji mwenye mabanda, mkulima mwenye matoroli na majembe ya trekta, au anayeishi mbali na karakana atazifikia haraka. Wengine hawatazifikia, nao wasijilazimishe. Anayeamua kununua atafute kwanza mafunzo mafupi ya uchomeleaji katika chuo cha VETA au chuo cha ufundi kilicho karibu naye, kisha amalize pakiti ya kwanza ya vijiti kwenye vyuma chakavu kabla ya kugusa geti lake. Na hata akishaiva, zipo kazi ambazo mashine ya nyumbani haizigusi: mtungi wa gesi, tangi au pipa lililowahi kuwa na mafuta hata kama limekauka, chesisi na usukani wa gari, ndoano ya kuvutia trela, na kitu chochote kitakachoning'inia juu ya vichwa vya watu. Mtungi mbovu urudishe kwa muuzaji wa gesi. Kazi nyingine hizo mpelekee fundi mwenye cheti, na umlipe anachostahili.